Mnara Utafunguliwa

Masjala, Baraza la Mji
3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba binamu yangu, mumewe na watoto wote hawajambo. Miguu imepungua kuvimba? Na kifua? Mimi sijambo, ila mafua kidogo, nadhani ni vumbi la majalada.

Nimehamishiwa masjala, ghorofa ya pili. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga muhuri, kuzipeleka kwa Katibu na kuzirudisha zikiwa na wino mwekundu. Katibu anasahihisha kila kitu. Juzi nilimwandikia mhudumu kikaratasi cha kuomba chai, kikapita mezani kwa Katibu kwa bahati mbaya, kikarudi kimesahihishwa. Wenzangu wanamwita Wino, kwa sauti ya chini sana. Mimi hata kwa sauti hiyo sithubutu. Muda wangu wa majaribio haujaisha, na kila anapopita nyuma ya kiti changu napiga herufi isiyo yenyewe.

Habari njema ni kwamba meza yangu iko dirishani, na dirisha linatazama njia panda. Nauona mnara wako kutwa. Saa inakwenda. Siku za joto inachelewa kidogo, kama ulivyosema itachelewa, lakini hakuna anayelalamika. Mama wa chai wa hapa chini anabandika birika kwa saa hiyo, kinyozi anafungua na kufunga kwa saa hiyo, na Katibu mwenyewe, ambaye sijamsikia akimsifu mtu, huinua macho kuitazama kabla ya kutukaripia kwa kuchelewa.

Kitambaa cha ufunguzi bado kimefunika kibao. Kilichanika upande mmoja, mtu akakishona kwa uzi mweusi, sijui ni nani. Mjini wanauita mnara Bibi Harusi mpaka leo. Jana nilimsikia mwanamke akimwelekeza mgeni: "Nenda mpaka kwa Bibi Harusi, ukifika kata kushoto." Mgeni akauliza, "Harusi ya nani?" Akajibiwa, "Hata sisi tunangoja kujua."

Nilicheka, halafu nikajisikia vibaya.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na nikipaza sauti jengo zima linajua habari za miguu yako. Wasalimie wote hapo.

Mpwa wako,
Nati

19 Machi

Mpwa wangu Nati,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Watoto wazima, binti yangu mzima, mumewe anakoroma, wananiambia. Mimi mzima kwa kiasi cha mtu aliyekatazwa chumvi, ngazi na hasira. Daktari amesema moyo wangu umetanuka. Nikamwambia moyo mkubwa si ugonjwa, ni tabia. Hakucheka. Au alicheka, sikusikia.

Nimefurahi umekaa dirishani. Umeniazima macho.

Swali langu unalijua. Huyu Meya mpya amesema lolote juu ya ufunguzi? Wa kwanza aliangushwa kwenye uchaguzi wiki ile ile aliyotakiwa kuja kuvuta kitambaa. Wa pili hakutaka kufungua kitu kilichoandaliwa na mwenzake. Huyu ni wa tatu na sijamkosea lolote.

Nilipouza mashine ya kukereza vyuma na kile kiwanja cha nyuma nijenge mnara, ulikuwa mdogo, hukumbuki watu walivyonicheka. Mke wangu, Mungu amrehemu, alisema wanaume wengine hununua gari, wewe umenunua saa ambayo huwezi hata kuivaa. Lakini kiwanda kilipofungwa na king'ora kikanyamaza, mji mzima ulikuwa haujui ni saa ngapi. Watu wanaamka, wanakaa. Kiwanda kile kilinilisha miaka yote, mashine zake ndizo zilizokula masikio yangu. Nikaona niache kitu kinachotembea.

Jina silitaki. Kwenye kibao tumeandika "Mafundi wa mji huu", basi. Ninachotaka ni siku moja nisimame pale na mwashi na mpaka rangi niliojenga nao, tumenyoa, kitambaa kivutwe, watu wapige makofi nami niyaone, hata kama siyasikii. Baada ya hapo moyo na utanuke unavyotaka.

Leo nimekukumbuka sana. Unamkumbuka yule bwana wa mashine ya kusaga aliyeingia karakana akakuta injini yake imetandazwa chini kwenye gunia? Akashika kichwa: "Fundi, umeivunja." Na wewe umekaa juu ya ndoo na sketi yako ya shule, mfukoni umejaza nati zangu, ukamjibu kabla sijafungua mdomo: "Hapa havunji mtu, hapa tunafungua." Neno langu lile lile, na uso wangu ule ule. Niliwasimulia wateja mwaka mzima.

Huyo Katibu asikutishe. Mtu anayesahihisha chai ana matatizo nyumbani.

Mjomba wako

2 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Uhali gani? Nisamehe kwa kimya. Barua yako niliipata mapema, nikaiweka kwenye droo, nikawa naisoma wakati wa chakula badala ya kuijibu. Sikuumwa. Mimi mzima.

Mambo ya hapa yamekuwa mazito. Baraza limekaa mara nyingi kwa mlango uliofungwa, na anayepiga chapa muhtasari ni mimi. Wiki iliyopita Katibu alituita watumishi wa masjala, akatupanga ukutani kama wanafunzi waliochelewa, akasema maneno ya mkutano yakitoka nje ya jengo hili, aliyeyatoa atayafuata. Alikuwa akinitazama mimi. Labda alikuwa akitazama kalenda iliyo nyuma ya kichwa changu, lakini tangu siku hiyo droo yangu naifunga kwa ufunguo. Na sijui ni nani anayezishika bahasha zinapolala kwenye ofisi ya basi.

Kwa hiyo nitaandika machache, nawe yasome kama fundi.

Mnara utafunguliwa. Ni tarehe 28 ya mwezi wa sita, asubuhi. Imeshaamuliwa na sahihi zimewekwa. Nimetaka usikie kwangu kabla hujasikia kwa mtu mwingine.

Usije, Mjomba. Nakuomba sana. Safari ni ndefu na daktari alishasema. Mimi nitakuwepo dirishani, nitaangalia kwa niaba yako.

Ukinijibu, usilizungumze jambo hili kwa kirefu.

Mpwa wako,
Nati

11 Mei

Nati, mpwa wangu, macho yangu,

Marahaba, na nyingine juu yake. Sisi wazima. Leo hata miguu mizima.

Barua yako imefika tukiwa mezani. Nimeisoma, nikairudia, kisha nikampa binti yangu aisome mbele ya uso wangu nimwangalie midomo, kwa sababu macho ya mtu wa umri wangu humsomea anachokitaka. Midomo ikasema vile vile: utafunguliwa. Akalia. Mumewe akatoka chumbani kuuliza nani amekufa.

Wewe sasa umekuwa karani kweli. Habari niliyoingoja tangu ukiwa unajifunza kuandika, unaniandikia kama taarifa ya msiba. "Yasome kama fundi." Nimeyasoma kama fundi, na fundi ameshapimwa suti. Mshonaji wa mtaa huu aliniuliza ni ya harusi? Nikamwambia ndiyo, ya Bibi Harusi. Akanipa pole akidhani nimeposa mtoto mdogo.

Unasema nisije. Nimecheka mpaka binti yangu akanipigapiga mgongo. Daktari alinikataza chumvi, ngazi na hasira. Sherehe hakuitaja.

Nimeshamwandikia mwashi. Siku hizi anaishi shamba, nje kabisa ya mji, hapati habari yoyote mpaka iwe imeoza. Na mpaka rangi ameitwa. Nitatangulia siku chache nifikie kwa mwashi, ili asubuhi ile tuingie mjini watatu pamoja. Usinitafute wala usiniandalie kitu. Nataka uwe dirishani uone wazee watatu walionyoa, ujiulize wale ni akina nani.

Jambo moja uliulize hapo ofisini, kwa adabu. Tutapewa viti? Magoti ya mwashi hayawezi kusimama muda mrefu. Na kitambaa atakivuta nani? Sisemi nivute mimi. Nauliza tu.

Nimewasamehe wote, hata yule Meya wa pili.

Mjomba wako, mwenye suti

18 Mei
(Hii haikutumwa.)

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini

Naanza tena. Mjomba, hakuna sherehe. Mnara unavunjwa. Barabara ya njia panda inapanuliwa ili malori mawili yapishane, na mnara umesimama pale yatakapopita matairi. Mkutanoni mtu mmoja tu aliuliza ni wa nani. Akajibiwa kwamba haukuwahi kufunguliwa rasmi, kwa hiyo haumo katika mali za baraza, na kitu kisichokuwemo hakina mtu wa kuombwa ruhusa. Mjumbe mwingine akasema siku hizi kila mtu ana saa kwenye simu yake. Wakacheka, wakaingia kwenye habari ya mitaro. Wamekubaliana wananchi wasiambiwe mpaka kazi imalizike, wasije wakajikusanya.

Kwenye muhtasari niliandika "kuvunjwa". Katibu akalikata, akaandika juu yake "kuondolewa". Alisema neno langu lina kelele. Nilipokaa kukuandikia, lake lilinichefua na langu mkono ulikataa. Ndipo nikalikumbuka la karakana, "kufungua". Niliona hilo ni la watu wawili tu duniani: bahasha ikiangukia mikono ya mtu, ataona habari ya sherehe, lakini wewe utaona injini imetandazwa kwenye gunia, utaelewa, na utaelewa taratibu, kwa sababu neno lenyewe halipigi kelele. Sikufikiri kwamba ni neno lile lile ulilokuwa ukilingojea. Nimesoma shule zote hizo kwa jasho lako na sikulifikiri hilo.

Barua yako nimeisoma chooni nikiwa nimefunga mlango. Umeniuliza habari za viti.

Nikikwambia, moyo wako. Nikinyamaza, utakuja. Nikiwaambia hapa kwamba unakuja, wataniuliza umejuaje. Ninaiandika hii na huku

20 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia miguu ina nafuu. Sisi hapa wazima. Mafua yameisha.

Juu ya ile shughuli, nasikia huenda tarehe ikasogezwa. Mambo ya ofisi unayajua. Ingekuwa vizuri usikate tiketi, usubiri hapo hapo mpaka nikuandikie tena. Mwambie na mwashi asubiri.

Viti bado sijauliza.

Mpwa wako,
Nati

1 Juni

Mpwa wangu Nati,

Marahaba. Sisi wazima.

Tarehe ikisogea nitasogea nayo. Mtu aliyewangoja Mameya watatu hashindwi kungoja kwenye benchi la mwashi. Tiketi imeshakatwa, suti imeshashonwa, na mpaka rangi amenyoa mapema kwa furaha, itabidi anyoe tena.

Lakini barua zako mbili hizi nimeziweka pamoja nikaziangalia. Unaandika kama mtu aliyeshikwa mkono. Huulizi kitu, huchekeshi, hata mama wa chai hayumo. Wanakuonea hapo? Niambie. Nikija nitazipanda hizo ngazi ingawa nimekatazwa, nitapumzika katikati, nitaingia kwa huyo Katibu wako nimwamkie vizuri, nimwambie huyu binti ni mtoto wangu, alilelewa karakana kwangu, ukimgusa unanigusa mimi. Sitagombana. Nitamwambia tu ajue una mtu.

Kula vizuri. Viti achana navyo, kinyozi atatuazima.

Mjomba wako

23 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Tafadhali kaa kwanza, na binamu awe karibu yako.

Tarehe 28 mnara unavunjwa. Hakuna atakayevuta kitambaa, hakuna mgeni, ni tingatinga na malori ya kubeba kifusi. Nilipoandika "utafunguliwa" nilikuwa nimesema kama tulivyokuwa tukisema karakana, nikadhani utanielewa, na ulipokosa kunielewa nikaogopa kukusahihisha. Niliogopa moyo wako, lakini nisikudanganye tena, niliogopa na kazi yangu pia. Nimekaa na jambo hili mwezi mzima. Barua hii nimeiandika mara nyingi na kuichana.

Usije. Rudisha tiketi. Suti itakaa.

Nilishika simu nimpigie binamu, nikashindwa kulisema kwa mdomo; barua nampa dereva wa basi la asubuhi, ameahidi itafika mkononi. Nijulishe kwa njia yoyote kwamba umeipata.

Mpwa wako,
Nati

5 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimerudi salama. Wote hapa wazima.

Barua yako ya tarehe 23 nimeikuta mezani, binti yangu hakuifungua, ameiwekea sahani juu isipeperuke. Ilifika jioni ya siku niliyoondoka. Imeandikwa vizuri. Nukta zote zipo mahali pake.

Nikusimulie, maana labda hukuona.

Tuliingia njia panda mapema, kabla jua halijachoma. Kinyozi akatupa viti vitatu, akauliza wazee mnangoja nini. Mwashi akamwambia tunangoja ufunguzi. Kinyozi akatutazama mmoja mmoja. Usiku wa kuamkia siku ile, nadhani, alikuwa amesikia kitu, au alikuwa ameona alama nyekundu walizochora chini; sisi tuliziona tukadhani ndipo watakaposimama waheshimiwa. Akaenda kuzungumza na mama wa chai, naye akatuletea chai, akakataa kulipwa, akageuza uso. Mimi nikamwambia mpaka rangi, unaona, mji huu una heshima, ulikuwa umechelewa tu.

Tingatinga likaja. Mpaka rangi akasema hilo la kusawazisha ardhi, Meya asikwame na viatu vyake. Dereva kijana, anarudi nyuma vibaya, karibu aingie mtaroni. Unanijua. Nikaacha chai, nikasimama katikati ya barabara na suti yangu, nikamwongoza kwa mikono: njoo, njoo, kata kushoto, kata, njoo, hapo hapo. Nikampigia bodi kwa kiganja mara mbili, asimame. Akaegesha vizuri kabisa, chini ya kibao, asingeweza kupapata peke yake. Akaniinulia kidole gumba.

Halafu akaniambia kitu, nikaona midomo tu. Nikamgeukia mwashi. Mwashi akasogea sikioni kwangu. Akanishika mkono akanirudisha kwenye kiti.

Nilikaa mpaka mwisho. Mpaka rangi alitaka tuondoke, nikamwambia nimevaa, nakwenda wapi. Sikusikia chochote, ndiyo faida ya masikio haya. Uliinamia upande wa kinyozi, ukasita kidogo, nikaona kazi ya mwashi ilikuwa imara kuliko tulivyofikiri. Saa ilishuka ikiwa bado inatembea. Kitambaa hawakukitoa, kilikwenda na kibao chake. Vijana waliokuwa wamejaa pembeni wakapiga makofi jinsi ulivyoanguka. Hayo niliyaona.

Juu ya lile neno, usijisumbue. Mimi ndiye niliyekufundisha, na mimi ndiye niliyelisahau. Ila wale, Nati, hawakuwa wakifungua.

Kuna mtu alisimama dirishani kwenu, ghorofa ya pili, blauzi nyeupe. Nilimwinulia mkono. Akavuta pazia. Nikadhani ni wewe. Mwashi amesema siye, yule alikuwa mnene zaidi na mtu mzima. Macho ya mwashi ni mazuri kuliko yangu, basi nimelichukua neno lake.

Suti nimeivua. Daktari anakuja kesho, binti yangu ndiye aliyemwita, mimi sikutaka.

Mjomba wako

9 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Daktari amesema nini? Umelala kitandani au unakaa? Unakula? Mwambie binamu aniandikie hata kwenye kipande cha karatasi.

Nilikuwa mimi.

Nilikuona tangu ulipokaa. Nilikutambua kabla sijauona uso, kwa jinsi unavyoshika kikombe kwa juu kama kina moto wa chuma. Nilikuwa sijapata jibu la barua yangu na nilikuwa nimejidanganya kwamba kimya chako ni hasira tu, kwamba umeipata na umekaa nyumbani. Nikainuka niteremke. Kweli niliinuka, Mjomba, kiti kilianguka. Katibu alikuwa nyuma yangu. Alitazama nje juu ya bega langu, akauliza, "Wale wazee watatu wenye suti wanangoja nini pale?"

Nikasema sijui.

Akauliza, "Huwafahamu?" Nikasema siwafahamu.

Nikakuona umesimama barabarani unaliongoza lile tingatinga. Nilijua unafikiri nini. Katika ofisi nzima na barabara nzima nilikuwa mtu pekee anayejua unafikiri nini. Ndipo ukatazama juu ukainua mkono, na Katibu akasema funga pazia, vumbi litaingia kwenye majalada. Nikafunga. Kisha akaniokotea kiti changu mwenyewe, kwa upole, sijawahi kumwona mpole hivyo.

Niliporudi kutazama, viti vitatu vilikuwa vimesharudishwa kwa kinyozi.

Mwashi aliona vizuri, alikudanganya kwa ajili yangu. Mpe shukrani, na mwambie sikuistahili. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba uniandikie. Andika lolote, niite utakavyo, niambie nisikanyage kwenu. Kaa tu uandike.

Mpwa wako,
Nati

3 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sina jibu la barua yangu ya mwezi uliopita. Nilimuuliza dereva wa basi, akasema aliikabidhi kwa mwanamke mlangoni, na kwamba mlangoni palikuwa na viatu vingi. Sikuweza kumuuliza viatu vya nini. Labda ni watoto, na rafiki zao. Simu ya binamu inaita, haipokelewi.

Njia panda sasa ni pana. Malori yanapita mawili. Mama wa chai alichelewa kubandika birika siku za mwanzo, sasa amezoea, anauliza wapita njia. Wanaoelekeza wageni bado wanasema nenda mpaka kwa Bibi Harusi, na wageni wanapotea.

Nimethibitishwa kazini. Katibu aliniletea barua mwenyewe, bila sahihisho hata moja. Nilitaka ulijue, ingawa sioni ni kwa nini ulijue.

Upo, Mjomba?

Mpwa wako,
Nati

BARAZA LA MJI
Masjala
14 Septemba

Kwa Mmiliki,
Uliokuwa mnara wa njia panda

YAH: KUONDOA VYUMA CHAKAVU KATIKA UWANJA WA BARAZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Unaarifiwa kwamba vyuma vilivyobaki baada ya kuondolewa kwa mnara uliotajwa (magurudumu ya saa, mishale na fremu) vimewekwa katika uwanja wa nyuma wa baraza, ambako vinazuia magari. Kwa kuwa mnara huo haukuwahi kufunguliwa rasmi na haumo katika mali za baraza, vyuma hivyo vinahesabiwa kuwa mali yako binafsi.

3. Unatakiwa kufika mwenyewe kuviondoa kabla ya mwisho wa mwezi huu. Usipofika, vitauzwa kama chuma chakavu bila taarifa nyingine.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Karani wa Masjala
Kny: Katibu wa Baraza

(Chini ya muhuri, kwa kalamu:)

Mjomba, shikamoo. Hii nimeagizwa kuiandika, na wamenisimamia nikiiandika. Hii usiijibu. Nijibu ile ya Julai.